Kati ya Hodi na Karibu

Nyumba yetu ya Mvumi ilikuwa na uwanja mrefu,
na kabla sijajua hesabu nilijua hili:
ukipiga hodi na karibu ikaja papo hapo,
mama yuko ukumbini, anapeta uwele;
ikikawia kidogo yuko jikoni, moshi umemziba kinywa;
ikikawia sana yuko nyuma, kwenye zizi la ndama,
nami sina budi kungoja, ndoo kichwani, jua utosini.
Sikuwahi kupima kwa hatua. Nilipima kwa kimya.

Sasa nalipwa mshahara kwa kazi hiyohiyo.

Hombolo, saa nane za usiku. Mizabibu imelala,
upepo wa Julai unakung'uta mabati ya kibanda,
mimi na Chiduo tuna dishi, tuna chai iliyopoa,
na chombo kimoja kinachouzunguka mwezi
ambacho hatujakiona kwa macho wala hatutakiona.
Tunakipigia hodi.

Si hodi, hodi, hodi, zote za sauti moja,
maana ungejuaje karibu hii inaijibu ipi?
Tunatuma ushanga: nyeupe, nyeusi, nyeusi, nyeupe, nyeusi,
uzi mrefu ambao hakuna kipande chake kinachofanana na kingine.
Chombo kinaudaka, kinautia nguvu, kinaurudisha,
na sisi huku tumeshika uzi wa pili, pacha wake,
tunausogeza, tunausogeza, punje kwa punje,
mpaka nyeupe ilalie nyeupe na nyeusi ilalie nyeusi.
Chiduo husema, "Wamekutana."
Kiasi tulichosogeza ndiyo safari yenyewe.

Sekunde mbili na nusu na ushei.
Gawa kwa mbili, maana ni kwenda na kurudi.
Zidisha kwa laki tatu, kilomita za nuru kwa sekunde.
Lakini usiandike bado.
Toa unyevu wa hewa, unaomkawiza msafiri
(kiangazi chetu kina fadhila yake, hakuna kikubwa cha kutoa).
Toa urefu wa waya kutoka kwenye saa hadi kwenye dishi.
Kisha toa muda ambao chombo hukaa na salamu kifuani
kabla ya kuijibu: ulipimwa hapa chini, mezani,
chombo hakijarushwa, ukaandikwa
kwenye daftari lenye jalada la kijani.
Usipoutoa utakiona kiko mbali kuliko kilivyo.

Jumapili nilimpigia mama simu.
"Mama, hujambo?"
Kimya.
Mnara wao uko kilima cha pili, najua.
Mtandao una siku zake, najua.
Nikahesabu, mazoea ya kazi: moja, mbili, tatu, nne.
"Sijambo, mwanangu." Halafu: "Nani huyu?"

Daftari la mama hakuna aliyeliandika.
Miaka yote ile mlangoni, na ndoo yangu,
sikupima yeye mwenyewe huchukua muda gani
kati ya sikio na ulimi.
Nilidhani ni sifuri. Nilidhani umbali wote ni uwanja.
Sasa nina nne mkononi na sijui nitoe nini,
ngapi ni za njia
na ngapi ni za ndani yake.

Chiduo ananiita. Mwezi unashuka upande wa Bahi,
tuna robo saa kabla kilima hakijatukata.
Nasukuma ushanga juu, nashikilia pumzi,
na karibu inafika, nyembamba kuliko unywele:
laki tatu na themanini na nne elfu,
mia mbili na kumi na tatu, na mita zake.
Naandika. Mkono hautetemeki.

Nimebadilishana zamu ya kesho.
Basi la Mvumi huondoka saa kumi na mbili asubuhi.
Nitakaa naye mkekani, goti kwa goti,
pasipo uwanja, pasipo mnara, umbali sifuri,
nipige hodi hapohapo sikioni mwake
na nihesabu.
Akiuliza nahesabu nini
nitasema ndama.